Nafundisha kwa leseni: nisome PGDE, PGCE ya mtandaoni, au niruke hadi uzamili?

Washauri, shikamooni.

Nina miaka 31, naishi Pasua, Moshi. Nilihitimu Shahada ya Sayansi katika Bioteknolojia, GPA 3.1. Kazi ya maabara niliitafuta sikuipata, nikaingia kufundisha Baiolojia na Kemia katika sekondari moja ya binafsi. Huu ni mwaka wa nne. Shule iliniombea leseni ya kufundishia kwa sababu sikusomea ualimu. Nina vipindi 28 kwa wiki, na matokeo ya watoto wangu si haba.

Mwezi wa pili Wathibiti Ubora wa Shule walipita. Waliomba vyeti vya kila mwalimu, na jina langu likaandikwa kwenye orodha ya wasio na taaluma ya ualimu. Mkuu wa shule ameniita akaniambia nijipange. Tangu hapo kila mtu ana lake. Mtaaluma wetu anasema nisome PGDE, ile stashahada ya ualimu kwa wenye shahada, mwaka mmoja yaishe. Mkuu mwenyewe anapenda nisome PGCE, tuzo ya ualimu ya chuo cha Uingereza, kwa mtandao, kwa sababu shule inafikiria kufungua mkondo wa Cambridge. Shemeji yangu anasema hizo zote ni stashahada, mtu mwenye shahada hasomi stashahada, ni kurudi nyuma. Yeye anataka niende moja kwa moja Masters, ama ya Elimu ama ya sayansi pale Nelson Mandela, Tengeru, ili baadaye nifundishe chuo kikuu.

Mshahara wangu ni shilingi 450,000 kabla ya makato. Bodi ya Mikopo bado wananikata. Nina mtoto mmoja, na mume wangu ni fundi, kipato chake leo kipo kesho hakipo. Siwezi kuacha kazi nikae chuoni mwaka mzima. Ndoto yangu hasa ni ajira ya serikali, ila sikatai shule nzuri ya binafsi hata ikiwa Arusha.

Nawauliza: nianze na ipi? Na hii ya kusoma huku nafundisha inawezekana kweli, au nitaharibu vyote viwili? La mwisho ni dogo: mdogo wangu yuko kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), naye anataka ualimu. Apite njia niliyopita mimi?

Madam wa Leseni, Moshi

*

Marahaba, madam.

Anza na PGDE, yaani Stashahada ya Uzamili katika Elimu. Mtaaluma wenu yuko sahihi, ingawa amekurahisishia mno kwenye lile neno "yaishe".

Tuanze na shemeji, maana hoja yake ndiyo inayowapoteza watu wengi. Neno stashahada limemchanganya. Stashahada ya kawaida anasoma aliyetoka kidato cha nne au cha sita. Stashahada ya uzamili haimpokei mtu asiye na shahada. Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, shahada ya kwanza iko ngazi ya 8, na stashahada ya uzamili iko ngazi ya 9 pamoja na shahada ya uzamili yenyewe. Tofauti ya hizo mbili ni uzito: stashahada ya uzamili ina krediti 120, shahada ya uzamili ina 180. Kwa hiyo hurudi nyuma hata hatua moja.

Jambo zito zaidi ni hili: shahada ya uzamili peke yake haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Ukienda Tengeru ukatoka na uzamili wa sayansi, utakuwa mwanasayansi aliyesoma sana anayefundisha kwa leseni. Wathibiti ubora wakirudi, jina lako litabaki kwenye orodha ile ile. Uzamili wa Elimu nao una kikwazo chake. Kozi nyingi za aina hiyo nchini zinadai uwe na shahada yenye elimu ndani yake au PGDE, maana hapo wanachambua ufundishaji, hawaanzi kukufundisha namna ya kufundisha. Ukikuta chuo kinachokupokea bila hayo, uliza swali moja kabla ya kulipa: je, kozi hii ina mazoezi ya kufundisha yanayosimamiwa na kupewa alama? Kama hayamo, hiyo ni shahada ya kusoma kuhusu elimu. Ni nzuri kwa mtu anayetaka mipango, utawala au utafiti, ila haikuondolei tatizo ulilotuandikia.

Kuhusu kufundisha chuo kikuu, tuseme wazi ili usipoteze miaka. Matangazo ya vyuo vya umma kwa nafasi ya mhadhiri msaidizi huweka GPA 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Wewe una 3.1, na GPA ya shahada ya kwanza haifutwi na uzamili hata ukiupata kwa alama za juu. Mlango huo kwa upande wa umma umefungwa, na ni heri ujue leo kuliko baada ya kulipa ada ya miaka miwili. Kwa uzamili wenyewe hiyo 3.1 inatosha. Ni daraja la pili la chini, ambalo huanzia 2.7, na vyuo vingi huchukua kuanzia hapo.

Sasa PGCE ya Uingereza. Mkuu wako hana nia mbaya, ila kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kule Uingereza, kwa shule za serikali, kinachomruhusu mtu kufundisha ni hadhi ya ualimu inayoitwa QTS (Qualified Teacher Status). PGCE ni tuzo ya masomo ya chuo inayopandikizwa juu ya mafunzo ya ualimu. Mtu anaweza kupata QTS bila PGCE, na anaweza kupata PGCE isiyo na QTS. Ile inayouzwa kwa walimu walio nje ya Uingereza, mara nyingi kwa jina la PGCEi au iPGCE, haina QTS, na nyingi hazina mtu wa kuja kukaa nyuma ya darasa lako akakupa alama. Unasoma, unaandika insha ndefu mbili au zaidi, unapata krediti zako. Krediti hizo kwa kawaida ni 60 katika ngazi ya 7. Usishtuke na hiyo 7 ukadhani ni chini ya shahada yako. Ni hesabu yao, na kwao ngazi ya 7 ndiyo ya uzamili. Krediti 60 ni theluthi moja ya uzamili wa kule wenye 180, na hapo ndipo faida yake ilipo kwa anayetaka kuendelea nao.

Kuna mtego mwingine humo humo. Herufi PGCE hubeba tuzo mbili. Moja ni ya ngazi ya uzamili, nyingine ni ya ngazi ya 6, sawa na mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, na hiyo haina krediti za kukupeleka kwenye uzamili. Tangazo likisema PGCE tu, waandikie barua pepe uwaulize ngazi na idadi ya krediti, na ulitunze jibu lao.

Kwa ndoto yako ya serikali, PGCE ya mtandao ni mzunguko mrefu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwataka waliosoma nje wawe wamehakikisha vyeti vyao kwenye mamlaka husika, na kwa tuzo za chuo kikuu mamlaka hiyo ni TCU. Hilo ni jambo la kuuliza TCU kabla hujalipa hata pauni moja. Kwa shule za kimataifa za Arusha na Moshi, PGCE inasomeka vizuri kwenye wasifu wa mtu ambaye tayari ni mwalimu. Iweke ya pili. Na kama shule ndiyo inayoitaka kwa ajili ya mkondo wake wa Cambridge, shule ndiyo ilipe, kwa maandishi.

Turudi kwenye PGDE. Kabla ya kujaza fomu yoyote, toa transkripti yako, kaa chini na kalamu mbili za rangi. Kwa rangi moja pigia mstari kila somo la Baiolojia: seli, jenetiki, mikrobaiolojia, botania, zuolojia, ekolojia. Kwa nyingine pigia Kemia: kemia ya kikaboni, isiyo ya kikaboni, ya fizikia, ya uchambuzi. Baiokemia iache pembeni kwanza, kila chuo kina mtazamo wake juu yake. Halafu jumlisha krediti za kila rangi. Tunakuambia hivi kwa sababu PGDE inakufundisha mbinu za kufundisha, haikuongezei somo. Somo la kufundishia linatoka kwenye shahada yako. Watu wengi wa bioteknolojia wanakuta Baiolojia imejaa tele na Kemia iko mwaka wa kwanza tu, kozi mbili tatu. Hao hujiandikisha kwa masomo mawili, chuo kinapokea, kisha wakati wa kuomba ajira tangazo la Kemia linataka shahada yenye Kemia ndani yake na mtu anabaki nje. Ukiona Kemia yako ni nyembamba, jitambue mapema kuwa wewe ni mwalimu wa Baiolojia. Kemia utaendelea kuifundisha pale shuleni kwa sababu mkuu anakuhitaji, lakini maombi ya serikali uyapange kwa Baiolojia.

Wenye shahada za sosholojia, maendeleo ya jamii na utawala watusome hapa pia. Kwenu hili ndilo swali la kwanza kabisa, kabla ya ada na kabla ya kuchagua chuo.

Chuo gani? Kwa mtu wa Moshi aliye kazini, viwili vya kuanza kuulizia ni Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Kilimanjaro na kingine Arusha, na Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge, MWECAU, kilichopo hapo hapo Moshi. Usa River kuna Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha. Tazama kwenye orodha ya TCU ya mwaka unaoomba kama PGDE yao imo na inasomwa kwa utaratibu gani. Usitegemee bango la barabarani wala kikundi cha WhatsApp, orodha ya TCU ndiyo inayohesabika. Ukifika ofisi ya udahili waulize: vipindi ni jioni, wikiendi, likizo au mchana wa kazi? Mitihani inaangukia mwezi gani? Mazoezi ya kufundisha ni lini, na naweza kuyafanyia shuleni kwangu? Alama ya kufaulu inaanzia wapi? Hili la mwisho watu hawaulizi. Umezoea kwamba C ni kufaulu, lakini kwenye kozi za ngazi ya uzamili vyuo vikubwa huanzia B, na C inakurudisha kwenye mtihani.

Huria inakufaa kama una nidhamu ya kusoma peke yako. Hakuna wa kukugongea mlango. Wanaoshindwa huko wengi hawashindwi na ugumu wa masomo, wanashindwa kujisajili kwa mitihani kwa wakati, au wanaacha kazi za kuandika zirundikane hadi wiki ya mwisho.

Umeuliza kama inawezekana kusoma huku unafundisha. Tuipige hesabu. Krediti moja ni saa 10 za kazi, ndani yake mna darasa, kusoma, kuandika na mitihani. Krediti 120 ni saa 1,200. Ukizibana ndani ya wiki 52 ni saa 23 kwa wiki. Vipindi vyako 28 vya dakika 40 ni saa 18 na dakika 40 za kusimama darasani, bado kusahihisha, zamu na kuandaa maabara. Saa 23 juu ya hapo, na mtoto nyumbani, hazikai. Ukiisambaza miezi 18, wiki 78, inashuka hadi saa 15 na ushee: saa mbili kila usiku siku tano, na tano za Jumamosi. Hiyo inabebeka, kwa sharti kwamba vipindi vyako vipungue. Mwombe mkuu vishuke hadi 20 au 22 katika kipindi cha masomo. Ana sababu ya kukubali, maana yeye ndiye aliyekuambia ujipange, na ripoti ya wathibiti ubora iko mezani kwake.

Fedha nayo tuione. Kwenye 450,000, NSSF asilimia 10 ni 45,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ni 67,500. Kodi inatozwa baada ya kutoa ya NSSF: inabaki 405,000, ya kwanza 270,000 haitozwi, zinazobaki 135,000 kwa asilimia 8 ni 10,800. Unapeleka nyumbani 326,700. Sasa tuseme ada, usajili, ada ya TCU ya 20,000 kwa mwaka, nauli, chapa na mazoezi ya kufundisha vyote vifike milioni 2. Hiyo milioni 2 ni mfano wetu wa kupigia hesabu tu. Chukua karatasi ya ada ya chuo uweke namba zao. Kwa miezi 12 ni karibu 167,000 kila mwezi, zaidi ya nusu ya unachoshika. Kwa miezi 18 ni kama 111,000. Kwa hiyo anza kuweka akiba miezi sita kabla ya kuanza, na uombe chuo kulipa kwa awamu. Usihesabu mkopo wa serikali. Mikopo ya ngazi ya uzamili ya Bodi ya Mikopo imeelekezwa kwa makundi maalumu kama wahadhiri wa vyuo, wewe humo haumo.

Shule ikisema itakulipia, shukuru, kisha omba mkataba uusome ukiwa nyumbani. Tafuta mistari mitatu: utalazimika kubaki miaka mingapi baada ya kumaliza, ukiondoka mapema unarudisha yote au kwa kadiri ya muda uliobaki, na vyeti vyako halisi vitakaa wapi. Hili la tatu halina mjadala. Vyeti halisi vinakaa kwako. Shule inapewa nakala. Nafasi ya serikali ikitangazwa, mtu ambaye vyeti vyake vimefungiwa kwenye kabati la mwajiri huona siku zinaisha huku anabembeleza.

Tukae kidogo kwenye mazoezi ya kufundisha, kwa kuwa hapo ndipo walimu wenye uzoefu kama wewe wanapoanguka, na wanaanguka kwa mshangao. Kwa kawaida ni wiki 6 hadi 8 kutegemea chuo. Msimamizi anakuja, mara nyingine bila taarifa, anakaa nyuma. Mwalimu wa miaka minne anafundisha vizuri, watoto wanamjibu, kipindi kinaenda. Kisha anaombwa faili, na faili ni jembamba kama daftari la mwezi wa kwanza. Uzoefu umemfundisha kuingia darasani na kitabu na chaki. Msimamizi anatoa alama kwa azimio la kazi, andalio la kila kipindi, nukuu za somo, shajara la somo lililojazwa hadi jana, zana, na mahudhurio. Ukiwa na darasa zuri na faili tupu utapata alama ya mtu wa kawaida.

Andalio lenyewe, tumia muhtasari unaotumika sasa kwa kidato unachofundisha. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024 na unaingia darasa kwa darasa, kwa hiyo utakuta kidato kimoja kiko kwenye muhtasari mpya na kingine kwenye wa zamani. Mpya una umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, mbinu pendekezi, vigezo vya upimaji, zana na idadi ya vipindi. Ukichukua fomu ya andalio ya rafiki aliyesoma PGDE miaka sita iliyopita ukaijaza kwa kidato cha kwanza, msimamizi ataiona kwa jicho la kwanza tu.

Na lengo lipimike. Utaandika kwa Kiingereza kama sekondari zote zinavyoandika, lakini kosa ni lile lile kwa lugha yoyote: "mwanafunzi aelewe upimaji wa chakula". Kuelewa hukuoni. Andika kwamba mwanafunzi apime uwepo wa wanga katika sampuli tatu kwa kutumia mmumunyo wa ayodini na aeleze badiliko la rangi. Sasa unaweza kupita meza kwa meza ukatia tiki: kahawia imegeuka bluu-nyeusi kwenye muhogo, imebaki kahawia kwenye yai. Halafu angalia saa. Kipimo cha ayodini kinaingia kwenye kipindi kimoja cha dakika 40 hata ukiwa na wanafunzi 40 katika vikundi vitano. Kipimo cha sukari kwa mmumunyo wa Benedict hakiingii, kwa sababu lazima uchemshe maji, utumbukize neli za majaribio, usubiri dakika kadhaa rangi ibadilike, kisha uoshe vifaa. Hicho kipange kwenye kipindi pacha cha dakika 80. Wengi wanaviweka vyote viwili kwenye dakika 40, kengele inalia maji hayajachemka, na msimamizi anaandika kwamba mwalimu hajui kupanga muda. Somo alilijua sana.

Kama shule yenu itakuwa imeshahamia Cambridge kwenye madarasa yako, omba ufanyie mazoezi kwenye madarasa ya NECTA au shule ya jirani. Wasimamizi wanakuja na muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania mkononi.

Ukimaliza, usikimbilie kuomba ajira na karatasi ya matokeo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanakataa matokeo ya muda na hati za matokeo, yanataka cheti. Kwa hiyo unapopanga ratiba yako, hesabu mpaka siku ya kushika cheti, siyo siku ya mtihani wa mwisho. Kikomo cha umri kwenye matangazo hayo ni miaka 45, una nafasi ya kutosha. Utaomba Mwalimu Daraja la III C, ambako mwenye shahada ya ualimu na mwenye shahada pamoja na PGDE huingia mlango mmoja, na mshahara unaanzia TGTS D, ngazi ya mishahara ya walimu wa serikali. Mwenye uzamili naye anaingia kwa mlango huo huo. Kuna usaili wa maandishi, na yale uliyosoma PGDE kuhusu upimaji, saikolojia na mitaala yanakusaidia humo, basi usigawe madaftari yako.

Kamba hukatikia pembamba, na kwa akina mama walioolewa pembamba ni jina. Kagua leo cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, shahada na kitambulisho cha NIDA. Yasome herufi kwa herufi. Kama shahada ina jina la baba na NIDA ina la mume, au kuna herufi imeruka, shughulikia kwa wakili kabla ya kujiandikisha PGDE, na PGDE ujiandikishe kwa jina lile lile lililo kwenye shahada. Ukiongeza cheti chenye jina la tatu, utakuwa na kazi mara mbili.

Uzamili tusiutupe. Ukishakuwa na PGDE na miaka miwili mitatu ya kazi, Uzamili wa Elimu katika mitaala, upimaji au uongozi utakuwa na maana, na utakuwa na sifa ya kuingia. Hapo ndipo umwite shemeji mle chai mkapange. Kama wakati huo uko serikalini, omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri kwanza. Anayesoma kimyakimya huja kupata taabu pale anapotaka cheti chake kiingizwe kwenye kumbukumbu za utumishi.

Mdogo wako asipite ulikopita. Kwa PCB yake aombe Shahada ya Sayansi na Elimu, Kemia na Baiolojia. Ni miaka mitatu, masomo mawili ya kufundishia yamo, mazoezi ya kufundisha yamo, na siku ya mahafali anatoka akiwa mwalimu. Anapojaza fomu asome jina la kozi hadi mwisho: kuna shahada ya sayansi, na kuna shahada ya sayansi na elimu, na kwenye orodha ya TCU zinafuatana mstari kwa mstari.

Washauri